Kikundi cha Kusoma Barazani: Mwongozo kwa Wazazi wa Watoto wa Darasa la Tatu hadi la Tano

Mtoto anapoingia darasa la tatu, shule hubadilika ghafla mbele ya macho yake, ingawa jengo ni lilelile na sare ni ileile. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa akifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Sasa anatakiwa azitumie KKK hizo kujifunzia Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na masomo mengine ambayo jana hayakuwapo kwenye ratiba yake. Asiyesoma vizuri kufikia hapo hukwama katika masomo yote kwa mpigo, kwa sababu hata swali la Hisabati limeandikwa kwa maneno. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na watoto waliokuwa darasa la tatu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika, ndio wa kwanza kupangiwa kumalizia darasa la sita. Kwa hesabu hiyo, darasa la tatu, la nne na la tano ni nusu nzima ya shule ya msingi, na ule mwaka wa ziada ambao wazazi wengi tuliutegemea kwa ajili ya kuziba mapengo haupo tena.

Dar es Salaam ina ugumu wake. Tangu mpango wa elimu bila malipo uanze Januari 2016 watoto wengi wameingia shuleni, jambo la kushukuru, lakini madarasa yamefurika, na zipo shule ambazo watoto wake husoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma hata mara moja kwa wiki, na anayemlaumu kwa hilo hajawahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo. Mtaani kwetu, upande wa Temeke, vitu tulivyokuwa navyo kwa wingi ni mabaraza na watoto wenyewe, nasi tukaanza na hivyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuanzisha kikundi kidogo cha kusoma kinachokutana barazani, ambacho watoto hufundishana wao kwa wao na watu wazima husimamia tu. Kikundi hiki si tuisheni: hakuna anayelipa wala anayelipwa.

Hatua ya kwanza: msikilize kila mtoto akisoma, tena peke yake

Kabla ya kutandika jamvi, tafuta siku mbili tatu za kuwasikiliza watoto mmoja mmoja. Chukua kitabu cha darasa la pili, hata kama mtoto yuko la nne, na umketishe mbali na masikio ya wenzake, maana mtoto wa miaka tisa huona afadhali aadhibiwe kuliko kusomasoma kwa kusitasita mbele ya mdogo wake. Asome ukurasa mmoja kwa sauti. Usimsahihishe, kila neno linapomkwamisha weka alama ya penseli kwenye daftari lako, kisha funga kitabu na umuulize maswali matatu: nani alifanya nini, kwa nini alifanya hivyo, na anadhani nini kitafuata.

Utakuta watoto wa aina tatu. Wa kwanza hukwama kwenye silabi, hasa zile zenye konsonanti zilizobanana kama katika maneno mbwa, nyweshwa na ungwana, au huchanganya ng na ng'. Hawa wanahitaji kurudishwa nyuma bila kuaibishwa, na mara nyingi miezi mitatu ya kusoma kila siku kwa dakika kumi huwatosha. Wa tatu husoma na kuelewa, nao watakuwa nguzo za kikundi.

Aina ya pili ndiyo hutudanganya. Mvulana mmoja wa darasa la nne alinisomea bila kukwama hata mara moja sentensi niliyoiandika mwenyewe: "Mzee Juma aliuza mbuzi wake ili anunue bati kabla ya masika." Nikafunga daftari nikamuuliza kwa nini Mzee Juma aliuza mbuzi. Akajibu, "Kwa sababu alikuwa mzee." Nikamuuliza nani mzee. Akasema, "Mbuzi." Mama yake alikuwa jirani anafua, akacheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa alikuwa akijua kwamba mwanawe anasoma vizuri kuliko wote nyumbani. Mtoto kama huyu hahitaji silabi. Anahitaji mtu wa kumsimamisha kila baada ya sentensi mbili amwambie, "Hebu nieleze kwa maneno yako."

Kwa upande wa hesabu, swali moja linatosha kukuonyesha mengi: 402 − 178. Mtoto anayeleta 376 si mzembe, ana kanuni yake aliyojitungia, kwamba katika kila safu unatoa namba ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Andika jibu lake na namna alivyolipata, kwa sababu utalihitaji mbele.

Hatua ya pili: watu wazima wakubaliane kwanza

Waite wazazi wa watoto sita hadi wanane, si zaidi. Kikundi cha watoto kumi na watano hugeuka darasa jingine lililofurika. Mweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa mnachotaka kufanya. Si kwamba mnaomba kibali cha kusoma vitabu, ila nyumba inayoingia watoto wa watu kila wiki ni vyema ijulikane. Kisha mzazi mmoja aende kwa mwalimu wa darasa, aende bila lawama, amwambie tu, "Mwalimu, tunataka kuwasaidia watoto nyumbani, wiki hizi mnafundisha mada gani?" Walimu niliowahi kuwafuata kwa mlango huo walinipa zaidi ya nilichoomba.

Suala la usalama lizungumzwe siku hiyohiyo na kwa maneno yasiyozungukazunguka. Wakati wote wawepo watu wazima wawili. Kikundi kikae barazani au uani, mahali panapoonekana na wapita njia, na mtoto asitumwe ndani ya nyumba peke yake. Ijulikane nani anampeleka nani nyumbani. Watoto wenyewe wafundishwe namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na wazazi wajue kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mzazi atakayeona masharti haya ni ya kumshuku aelezwe kwa upole kwamba yanamlinda na yeye pia, na akikataa, mwanawe apokewe lakini baraza lake lisitumike.

Kuhusu wakati, ulizeni kabla ya kupanga. Watoto wengi wa mtaani kwetu huenda madrasa alasiri, wengine wana mafundisho kanisani Jumamosi, na hao wa zamu ya mchana hurudi wamechoka. Sisi tuliangukia Jumamosi saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, na Jumatano saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni. Msivuke saa kumi na mbili. Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, na umeme ukikatika giza halina subira. Baraza liwe na paa, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei yatawakuta.

Hatua ya tatu: changanyeni watoto

Kishawishi ni kuwapanga kwa madarasa, la tatu huku na la tano kule. Msifanye hivyo. Mtoto wa darasa la tano anayemfafanulia wa la tatu hulazimika kulielewa jambo ambalo alikuwa akilikariri tu, na wa la tatu humsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Changanyeni pia shule. Kila mtaa una watoto wa Kayumba, kama mjini tunavyoziita shule za serikali, na watoto wanaofuatwa na basi la njano kwenda Inglishi midiamu, nao hutaniana kwa maneno yanayouma. Wakikaa jamvi moja hugundua upesi kwamba wa basi la njano anajua majina ya viungo vya mwili kwa Kiingereza lakini habari ya magazeti ya Kiswahili inamtoa jasho, ilhali wa Kayumba ni kinyume chake. Kila mmoja ana kitu cha kutoa na kitu cha kuomba, na sijaona njia nyepesi kuliko hiyo ya kufundisha heshima.

Hatua ya nne: kipindi kimoja, dakika tisini

Dakika ishirini na tano za kwanza ni za kusoma wawili wawili. Kitabu kimoja, watoto wawili, kila mmoja aya moja, na asiyesoma ndiye muulizaji. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba mtandao yake, hivyo simu ya mzazi mmoja inaweza kukopeshwa kwa kazi hiyo ikiwa vitabu ni vichache. Vitabu vya hadithi tunaazimana, na mara moja kwa mhula tunawapeleka watoto Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967 na yenye sehemu ya watoto. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni ndogo, lakini kundi la watoto wanane kituoni huwachosha makondakta, basi ondokeni mapema Jumamosi kabla foleni haijaanza.

Dakika thelathini zinazofuata ni za hesabu, na hapa ndipo unamrudia yule mwenye 376. Usimwambie maneno ya "kukopa" kabla hajaona kinachokopwa. Mtoto wa Dar es Salaam ametumwa gengeni tangu ana miaka sita na chenji anaijua vizuri, kwa hiyo tengenezeni noti za karatasi za mia, za kumi na za moja, na mmoja wa watoto awe benki. Mtoto ana noti nne za mia, hana ya kumi hata moja, na ana mbili za moja; anadaiwa 178. Atatoaje noti nane za moja wakati anazo mbili? Atakwenda kuvunja. Akiwa hana noti za kumi, atalazimika kwanza kuvunja noti moja ya mia apewe kumi za kumi, kisha avunje moja ya kumi apewe kumi za moja. Mwishoni mkononi ana noti tatu za mia, tisa za kumi, na kumi na mbili za moja, na fedha ni zilezile 402. Sasa alipe: zimebaki noti nne za moja, mbili za kumi, na mbili za mia. Jibu ni 224. Arudie kwa noti mara tatu, halafu kwa noti na penseli kwa pamoja, halafu kwa penseli peke yake. Wengi huruka hatua ya katikati, na ndiyo inayounganisha mkono na daftari.

Mada nyingine inayofaa barazani kuliko darasani ni saa. Watoto wetu husoma saa kwa Kiswahili nyumbani na kwa Kiingereza shuleni, na tofauti ya saa sita kati ya hesabu hizo mbili huwavuruga hadi darasa la tano. Choreni duara kubwa chini kwa mkaa, andikeni namba 1 hadi 12, na mtoto mmoja awe akrabu. Akisimama kwenye 7, Mwingereza anasema ni saa saba. Mswahili, anayeanza kuhesabu jua likichomoza, anasema ni saa moja. Sasa mwingine asimame kwenye namba inayotazamana na ya mwenzake ng'ambo ya duara: ni 1. Tisa inatazamana na tatu, kumi inatazamana na nne. Wakishaona kwamba jibu daima liko upande wa pili, hawasahau tena, na watakuomba wacheze hata mada ikiwa imekwisha.

Dakika ishirini ni za kazi za shule walizopewa, na hapo sheria ni moja: anayejua haruhusiwi kushika penseli ya mwenzake. Anaweza kuuliza, anaweza kuonyesha kwa noti au kwa mawe, lakini hawezi kuandika. Siku za mwanzo kila nikigeuka nilikuta daftari moja limepita mikono mitatu, na msichana mmoja akanijibu kwa unyofu kabisa, "Bibi, mimi nimemsaidia tu." Hakuwa anaongopa. Kwake kusaidia na kupiga chabo vilikuwa kitu kimoja, na ilibidi tuketi tufafanue tofauti yake: ukimsaidia mwenzako, kesho ataweza bila wewe.

Dakika kumi na tano za mwisho ni mchezo. Rede, kombolela, chochote watakachochagua wao. Ikibidi kufupisha kipindi, fupisheni mahali pengine.

Hatua ya tano: kazi za pamoja

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iwe sehemu ya jamii na kazi iwe sehemu ya kujifunza. Sote tuliosoma baada yake tunakumbuka pia upande wa pili, pale kazi ilipogeuka kumchotea mwalimu maji na kulima shamba ambalo mavuno yake hatukuyaona. Kipimo ninachotumia ni hiki: ikiwa mtoto hajui kazi inamfaa nani, na hakuna anachokijua zaidi baada ya kuifanya, basi hiyo ni kutumikishwa.

Ndani ya kikundi, gaweni majukumu kwa zamu za wiki mbili: anayetandika na kukung'uta jamvi, anayetunza vitabu na kuandika nani ameazima nini, anayejaza ndoo ya maji ya kunawa, na anayewafuatilia wasiofika. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto akikosa vipindi viwili, wenzake wawili pamoja na mtu mzima mmoja humpitia kwao na kumpelekea kazi. Mara nyingi utakuta ana homa, mara nyingine ana mdogo wa kulea kwa kuwa mama yuko sokoni, na jambo hilo lina ufumbuzi wakati kikundi kina wazazi wanane.

Nje ya kikundi, kazi iliyotufaa kuliko zote ilikuwa ya bei za genge. Kwa Jumamosi sita watoto walikwenda kwenye magenge matatu ya mtaani wakiwa wawili wawili, wakaamkia, wakaomba ruhusa, wakauliza bei ya fungu la nyanya, kisado cha vitunguu na nazi moja, wakaandika. Kisha wakachora chati ya mihimili kwenye karatasi la manila na kuibandika barazani. Humo mna Hisabati, mna Kiswahili cha adabu, na mna Jiografia, kwa sababu walipouliza kwa nini nyanya imepanda, mwenye genge aliwaeleza habari za mvua na malori yanayoleta mzigo mjini. Mama lishe jirani akawa anapita kusoma chati yao kabla ya kwenda kununua, na siku aliyowauliza mbona wiki hii hawajaandika, walitazamana kama viongozi waliokamatwa na wapiga kura.

Hatua ya sita: ugomvi na masengenyo

Vitatokea. Wanaogombana wasikilizwe wote wawili, kila mmoja aeleze upande wa mwenzake kabla ya wake, na wasilazimishwe kuombana radhi papo hapo kwa ajili ya kutufurahisha sisi wakubwa. Anayerudia kumdhihaki mwenzake azungumzishwe faraghani, kisha pamoja na mzazi wake.

Kosa langu mwenyewe niliseme hapa. Mhula wa kwanza nilibandika ukutani majina ya watoto kwa kufuata alama, wa kwanza hadi wa nane, nikidhani nawatia ari. Wa saba na wa nane hawakurudi wiki iliyofuata. Nikaenda kwao, mmoja nikampata amejificha nyuma ya pipa la maji. Tangu hapo kila mtoto ana ukurasa wake kwenye daftari la kikundi, na anachopimwa nacho ni alivyokuwa mwezi uliopita.

Hatua ya saba: mwaka wa darasa la nne

Mwishoni mwa mwaka watoto wa darasa la nne hufanya Upimaji wa Kitaifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na asiyefikia kiwango anaweza kutakiwa kurudia darasa. Kuanzia Julai wazoesheni watoto hao kufanya maswali ya miaka iliyopita kwa muda uliopangwa, mara moja kila wiki mbili, wakiwa wametengana. Baada ya hapo, majibu yaliyokosewa yajadiliwe na kikundi kizima, wa la tatu wakiwemo. Ikifika wiki ya upimaji, acheni kabisa. Wacheze, walale mapema, na watu wazima wapunguze maswali.

Hatua ya nane: daftari na gharama

Gharama ni jamvi, chaki, karatasi, penseli na ubao, ambao kwetu ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na fundi aliyekuwa na mtoto kikundini. Mchango ukihitajika uandikwe na usomwe mbele ya wazazi wote, hata ukiwa shilingi mia tano. Daftari la kikundi liwe na mambo manne tu: waliofika, mada ya siku, ukurasa wa kila mtoto, na vitabu vilivyoazimwa. Mtoto akiingia darasa la sita, mpe ukurasa wake aende nao, umwombe abaki kama msaidizi Jumamosi moja kwa mwezi. Yule mvulana wa mbuzi wa Mzee Juma sasa ndiye muulizaji wetu, na nimeona kwamba swali analolianza nalo siku zote ni "nani mzee?"